"Atalipa msimu wa korosho": kujifunza usuluhishi na kuufanya kazi huku kusini

"Atalipa msimu wa korosho." Maneno hayo manne ndiyo yanayovunja maridhiano mengi huku Mtwara na Lindi. Yanaandikwa kwa nia njema, wote wawili wanatia saini au dole gumba, mwenyekiti anafunga kikao kwa dua, watu wanaagana. Msimu ukifika, ugomvi unarudi mkali kuliko ulivyoanza, kwa sababu msimu si tarehe. Minada huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, pengine na kupita. Kila chama kikuu cha ushirika kinachouza korosho kina ratiba yake: MAMCU wana yao, TANECU yao, RUNALI na Lindi Mwambao zao. Aliyefikisha magunia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, wiki ya kwanza na aliyeyafikisha wiki ya sita hawaoni fedha kwenye akaunti siku moja. Mdaiwa anasema msimu bado, mdai anasema msimu umekwisha, na wote wanasema kweli.

Hati iliyoandikwa na mtu aliyefundishwa kazi husomeka hivi: "Mdaiwa atalipa shilingi 240,000 kwa awamu mbili: shilingi 120,000 tarehe 20 Novemba na shilingi 120,000 tarehe 20 Desemba. Malipo yatafanyika ofisi ya kijiji mbele ya katibu wa baraza na kila awamu itaandikiwa risiti. Fedha ya mnada ikichelewa, mdaiwa atamjulisha katibu siku 3 kabla, na tarehe itasogezwa mara moja tu, kwa siku 14." Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba hati nzima. Aliyeiandika amekwishaona kitakachokwenda kombo, akakiwekea njia kabla hakijatokea.

Naanza na hati kwa sababu wanaouliza habari za mafunzo ya usuluhishi huuliza cheti kwanza, na wakifikiria kazi yenyewe huwaza kikao: watu wamekaa duara, msuluhishi katikati anasema maneno ya busara. Kikao ni saa mbili au tatu. Kazi iko kabla yake na baada yake, na huko ndiko mafunzo mengi yanakopita haraka.

Ujue umeingia mlango upi

Baraza la Ardhi la Kijiji liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Lina wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Halmashauri ya kijiji inawapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unawathibitisha. Kazi yake ni kupatanisha, basi. Halina hukumu, halina faini, halina kumhamisha mtu shambani. Sheria hiyo inasema wajumbe wafuate mila za upatanishi za mahali pao, misingi ya haki ya kusikilizwa, na mbinu zozote za usuluhishi walizofundishwa. Kipengele hicho cha mwisho hakikumbukwi sana, nacho ndicho kinachoyapa mafunzo ya siku tano yaliyofanyika chini ya mwembe uzito wa kisheria.

Baraza la kata ndilo lenye mkanganyiko. Zamani liliamua mashauri ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliliondolea uamuzi huo, likabaki na usuluhishi. Likikaa kusuluhisha shauri la ardhi, huwa wajumbe 3, angalau mmoja mwanamke. Lina siku 30 tangu shauri lilipofunguliwa. Likishindwa, linatoa cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na hapo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kufikiwa, anaweza kwenda bila cheti. Pamoja na hayo, bado utakuta muhtasari wa kata umeandikwa "hukumu" juu kabisa, na chini yake "mdaiwa ameamriwa kuondoka ndani ya siku 7". Karatasi hiyo haina nguvu, na ubaya wake ni kwamba aliyeshinda anaiamini: anakwenda kung'oa mipaka, anaishia polisi. Anayefundisha wajumbe wa kata, siku ya kwanza awafanyishe zoezi la kufuta neno "hukumu", "ameamriwa" na "faini" kwenye mihtasari, kisha waandike upya.

Baraza la usuluhishi la ndoa ni mlango mwingine kabisa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Haliachanishi ndoa. Likishindwa kupatanisha linatoa hati yenye maoni yake, na ombi la talaka mahakamani huambatanishwa na hati isiyozidi miezi 6 tangu itolewe. Makosa hapa ni mawili. Baraza linaandika mstari mmoja, "tumeshindwa kuwapatanisha," bila kueleza lilichokiona. Au hati inakaa kwenye sanduku la nguo mwaka mzima, mama wa watu anafika mahakamani na karatasi iliyokwisha muda, anarudishwa kuanza upya. Msuluhishi mzuri humwambia mtu tarehe ya mwisho ya hati yake, na kuiandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu.

Mambo ya ajira yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Usuluhishi wenyewe umepewa siku 30. Mlinzi, dereva, kibarua wa ghala la korosho, wengi hupoteza haki hapa kwa sababu ya upole: wanakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa shehe, kisha kwa ndugu wa mwajiri, na siku zinahesabika. Ukiwa msuluhishi wa mtaani na shauri la namna hiyo likakufikia, swali lako la kwanza ni tarehe aliyoachishwa kazi. Mengine baadaye.

Mirathi nayo ina mlango wake. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Baraza linaweza kuwakalisha ndugu wakubaliane nani aombe usimamizi, lakini likianza kugawa nyumba na mikorosho ya marehemu limevuka mpaka wake.

Kuna pia yale ambayo hayapaswi kuketiwa hata kidogo. Ubakaji, ulawiti, mtoto kupewa mimba, kipigo kinachoendelea ndani ya nyumba. Familia zitakuja na lugha laini: "tunataka tumalizane kiutu uzima", "binti atadhalilika". Ukikubali kukaa, wewe si msuluhishi tena, umekuwa njia ya kuficha kosa. Jibu ni dawati la jinsia na watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi. Mjumbe ajizoeze kutamka hivyo kwa sauti mbele ya watu wazima kuliko yeye, maana siku yenyewe ulimi huwa mzito.

Usuluhishi na haki rejeshi

Ni ndugu, si mapacha. Kwenye usuluhishi pande mbili zina madai na kila mmoja anaweza kuwa na haki yake. Kwenye haki rejeshi, yaani njia ya kurekebisha madhara ya kosa kwa mazungumzo, yuko aliyekosa na yuko aliyekosewa, na aliyekosa amekiri. Bila kukiri hakuna kikao. Ukimlazimisha mtu akae kwenye duara la kuomba radhi kwa kosa analolikana, umeendesha kesi bila hakimu.

Namna ya sasa ya haki rejeshi husimuliwa kuanzia Kanada, mkoa wa Ontario, 1974, pale vijana wawili walioharibu mali za watu 22 katika usiku mmoja walipopelekwa nyumba kwa nyumba kukutana na waliowaumiza na kulipa hasara. New Zealand ikaingiza vikao vya familia kwenye sheria ya watoto mwaka 1989, ikichota kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Rwanda ilitumia gacaca, mabaraza ya wananchi, kati ya 2002 na 2012 kwa jambo zito kuliko yote, mauaji ya kimbari. Kwetu sheria ya mwenendo wa jinai inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano kwenye makosa madogo ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mkosaji wa kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi ya jamii badala ya kukaa gerezani.

Maandalizi ya kikao cha haki rejeshi yana mpangilio wake, na mpangilio huo una sababu. Anza na aliyekosa. Wengi huanza na aliyeumizwa kwa heshima, wakidhani ndiyo adabu. Lakini ukimwendea aliyeumizwa, akafikiri usiku kucha, akakubali kukutana, halafu aliyekosa akagoma, umemuumiza mara ya pili. Ukishajua kwamba aliyekosa anakiri na yuko tayari, ndipo unakwenda upande wa pili. Kila upande upewe angalau kikao kimoja cha faragha, saa moja hivi, na maswali matatu: kilitokea nini, nani kaumia na kaumia vipi, nini kifanyike kurekebisha. Usiulize "kwa nini ulifanya". Swali hilo huzaa utetezi tu.

Kwenye faragha hiyohiyo ndimo unamopima woga. Je, anakubali kwa hiari au kaambiwa na mjomba wake akubali? Anaweza kusema hapana mbele ya mwenzake? Wanalala nyumba moja? Ukiona mtu anatazama mlango kila anapojibu, usipange kikao cha pamoja wiki hiyo.

Kuomba radhi kwa Kiswahili

Hapa vitabu vilivyotafsiriwa havisaidii, maana lugha yetu ina mitego yake. "Pole" si kuomba radhi. Ni kumliwaza mtu, hata yule aliyekwaa kwenye jiwe ambalo hukuliweka wewe. Aliyekosa akisema "pole sana kwa yaliyokukuta" amejitoa kwenye kosa kwa upole mkubwa. "Samahani" ni ya kumkanyaga mtu kwenye daladala. "Kama nimekukosea, nisamehe" ndiyo mbaya kuliko zote. Hilo "kama" linafuta kila kitu kinachofuata. Na "yaishe" humfunga mdomo aliyeumizwa kabla hajasema lake.

Radhi inayosikika ina kitenzi chenye nafsi na kitendo kilichotajwa: "Nilivuna mikorosho yako 14 nikijua si yangu. Nimekosa." Ukimwandaa aliyekosa kwenye faragha, mwachie aitafute sentensi hiyo mwenyewe. Usimwandikie. Akisoma maneno yako, aliyeumizwa atajua kabla hajafika nusu.

Upande wa pili nao una mtego. Huku kwetu mtu akiombwa radhi mbele ya wazee, hawezi kukataa bila kuonekana mkaidi. Atasema "nimesamehe" na koo limembana. Kwa hiyo mwambie mapema, faragha, kwamba hadaiwi msamaha. Anaweza kusema "nimesikia" na ikatosha. Makubaliano ya kulipa na kurekebisha yanaweza kuandikwa bila neno msamaha kuwamo.

Kazi nyingine ya ulimi ni kurudia maneno ya mtu ukiwa umeyatoa sumu na kubakiza taarifa. Mdai anasema: "Huyu ni mwizi, amenila." Msuluhishi: "Unasema mikorosho ya upande wa bondeni imevunwa bila wewe kujua, na unataka kujua nani aliruhusu." Tusi limeondoka, mikorosho imebaki. Zoezi lake ni rahisi: andika kauli 20 kali ulizozisikia sokoni au barazani, kisha kila moja uirudie kwa sentensi moja isiyo na sifa ya mtu. Atakayeweza 15 bila kusita yuko tayari kukaa kiti cha pembeni kwenye kikao halisi. Wazee wetu wanajikwaa hapa kwa sababu nyingine: wanapenda mawaidha. Methali ikitoka mapema, mmoja wa wawili anajua imemlenga yeye.

Shikamoo nayo ina uzito. Msuluhishi kijana akimwamkia shikamoo mzee wa upande mmoja mbele ya wote, na upande wa pili yuko kijana wa rika lake aliyeambiwa "mambo", mizani imeshainama kabla ya kikao. Salamu zimalizwe nje, kila mtu kwa adabu yake. Ndani, tumia wito mmoja kwa wote: "ndugu mlalamikaji, ndugu mlalamikiwa," au Bwana na Bi. Na kama mmoja hajui Kimakonde au Kimwera, mjumbe yeyote asiteleze kwenda huko hata kwa mzaha. Mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Kilwa au Liwale akisikia kicheko asichokielewa, kikao kimekwisha ingawa bado amekaa.

Utani, kwa upande mwingine, ni mali ya kusini ambayo mafunzo mengi yanaiacha. Mtani anaweza kumwambia mtu ukweli ambao ndugu angeambiwa ametukana. Asikae kama mjumbe. Lakini kumtuma mtani siku mbili kabla kwenda kulainisha mtu aliyenuna ni mbinu inayoheshimika, mradi pande zote zijue ametumwa.

Mikorosho, ukoo na ng'ombe

Anayetaka kufanya kazi hii huku lazima ajue mikorosho na ajue ukoo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana kauli. Sasa baba amepanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, ameihudumia miaka 30, amefariki. Watoto wanadai kwa sheria ya dini, wapwa wanadai kwa mila, ukoo wa mama unadai ardhi. Kikao kinachouliza "shamba ni la nani" hakitaisha. Tenganisha maswali: ardhi ni ya nani, mikorosho ilipandwa na nani, nani anapulizia na kupalilia sasa, mavuno ya mwaka huu yanakwenda wapi. Mara nyingi watu wanakubaliana kwenye matatu kati ya manne, na lililobaki linakuwa dogo. Hakikisha pia aliyekuja ndiye mwenye kauli. Kijana atakubali kila kitu, kesho mjomba anakataa, kwa sababu hakuitwa.

Vipimo navyo. Nafasi inayoshauriwa kati ya mikorosho ni mita 12 kwa 12, yaani kama miti 28 kwa ekari. Mtu akidai ana ekari 3 na miti ni 40, ama mashamba ni ya zamani yaliyopandwa holela, ama mpaka umesogea. Nenda shambani. Kusuluhisha mpaka ukiwa ofisini ni kupoteza siku. Tembea mpaka na pande zote mbili pamoja na majirani wa kila upande, hesabu miti kwa sauti, weka alama ya rangi kwenye mti wa kwanza na wa mwisho, kisha pandeni minyaa palepale kabla hamjaondoka, kila upande ukishika jembe. Minyaa iliyopandwa na mmoja peke yake itang'olewa.

Kangomba, yaani kununua korosho kwa siri nje ya mnada, ni kisa kingine. Mtu kachukua fedha mwezi wa sita akiahidi korosho kwa bei ya kutupa, msimu umefika anakataa kutoa. Biashara yenyewe ni haramu, hivyo baraza halina namna ya kuandika hati inayotekeleza mkataba huo wa korosho. Waambie wote wawili hivyo mapema, kabla hawajamwaga maelezo ambayo kesho yatawageuka.

Ugomvi wa wakulima na wafugaji unataka haraka. Mazao yaliyoliwa leo, baada ya wiki yamechipua au yamekatwa, na hasara haipimiki tena. Afisa ugani afike ndani ya siku mbili, ahesabu eneo, aandike zao na umri wake, apige picha zenye tarehe, pande zote mbili zikiwapo. Na usikubaliane na mchungaji. Yule kijana wa fimbo ameajiriwa. Ng'ombe si wake na ahadi yake haimfungi mwenye mali. Mwite mwenye ng'ombe, hata ikibidi kusubiri.

Mafunzo: saa ngapi, wapi

Kozi ya msingi ya usuluhishi inayokubalika sehemu nyingi duniani ni saa 40, yaani siku tano kamili. Mimi ningezigawa hivi: sheria na mipaka ya kila baraza saa 6, kusikiliza na kurudia maneno saa 8, vikao vya faragha na kupima woga saa 6, maigizo ya vikao saa 14, kuandika hati na kufuatilia saa 6. Ukiona ratiba ambayo maigizo ni saa mbili za Ijumaa mchana kabla ya kugawa vyeti, ni semina hiyo. Baada ya darasa, kaa kiti cha pembeni vikao vitano ukiandika tu, kisha vitano ukiendesha pamoja na mzoefu. Mzoefu akusahihishe palepale baada ya kikao, kabla hujasahau ulichosema.

Vyuo vya kuongezea mizizi vipo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa astashahada na stashahada ya sheria. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar es Salaam inafundisha ustawi wa jamii, na mahusiano kazini pia. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, kwa hiyo mtu wa Nachingwea anaweza kusoma sheria bila kuacha shamba na watoto. Anayetaka kutoza kama msuluhishi binafsi ajue kwamba kanuni za 2021 zinataka apate ithibati kupitia wizara inayohusika na katiba na sheria. Cheti cha semina peke yake hakitoshi.

Kazi na kipato

Nafasi zenye jina "msuluhishi" kwenye tangazo ni chache. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo inayokuja haraka akilini, na hupitia Sekretarieti ya Ajira kama ajira nyingine za umma. Ujumbe wa baraza la kijiji au kata si ajira. Ni posho, ikiwepo. Anayeingia akitegemea kula hapo ataanza kupokea "nauli" kutoka upande mmoja, na sifa yake haitavuka msimu mmoja.

Usuluhishi hulipa vizuri ukiubandika kwenye taaluma nyingine. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anausuluhisha ugomvi wa matunzo ya watoto kila wiki. Afisa wa huduma za uangalizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ndiye aliye karibu kabisa na haki rejeshi: anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa mahakama na kumsimamia anayetumikia adhabu nje ya gereza. Afisa rasilimali watu anayejua kusuluhisha huokoa kampuni safari za Tume. Na huku kwetu kuna gesi Songo Songo na Madimba, saruji Mtwara, madini ya kinywe Ruangwa. Miradi inayokopa fedha za kimataifa hutakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi, na utaratibu huo unahitaji mtu wa kuukalia. Huko wanataka mtu anayeweza kuandika daftari la malalamiko: namba, tarehe ya kupokea, nani amepewa, tarehe ya kujibu, na sahihi ya mlalamikaji kwamba amejibiwa. Kijana aliyewahi kulitunza daftari la baraza la kata kwa mwaka mmoja, safi, bila kurasa zilizochanwa, aende nalo kwenye usaili.

Njia ya kuanzia isiyohitaji mtaji ni usaidizi wa kisheria, unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Unapata mafunzo, unasajiliwa, na huduma ni bure kwa mwananchi, kwa hiyo hutozi. Faida yake ni mashauri: kwa mwaka mmoja utaona ndoa, mirathi, mipaka na mishahara kuliko mwanafunzi wa chuo atakavyoona kwa miaka mitatu.

Daftari lako binafsi liwe na safu tano: tarehe ya kikao, aina ya shauri, kilichokubaliwa, tarehe ya kufuatilia, kilichotokea. Usiandike alichokiri mtu kwenye faragha. Daftari linaweza kuitwa mahakamani, na aliyekuamini atasikia siri yake ikisomwa. Fuatilia mara tatu: siku ya 7, siku ya malipo ya kwanza, na mwezi mmoja baada ya malipo ya mwisho. Piga simu kwa wote wawili, si kwa mdai peke yake, na uulize swali moja: yale ya tarehe 20 yalikwendaje?